Kofia Ndani ya Mzingile

Kofia ya Clement ilipita tena chini yangu, ikirudi kulekule ilikotoka.

"Kushoto, Clement!" nilipiga kelele. "Kushoto kwako!"

Kofia ikasimama. Uso wa mume wangu ukainuka, mwekundu kwa jua, ukitafuta sauti inatoka wapi. Akatazama mawingu, akatazama miti, akatazama kila mahali isipokuwa pale nilipo. Kisha akageuka kulia, akaenda zake.

Nilikuwa juu ya jukwaa la mbao, lile wanalopanda wenye watu wao ndani. Kwenye mzingile wa Jumba la Harnbury desturi ni hiyo: mmoja anaingia apotee kati ya kuta za miti, ndefu kuliko mtu, na mwenzake anapanda juu amwelekeze huku anamcheka. Siku hiyo jukwaani palijaa vicheko. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania ubao, na kando yangu alisimama mwanangu Rupert, aiskrimu tatu zinamchuruzikia vidoleni.

Rupert alitoka London kwa ajili ya siku hiyo tu. Tulikuwa tumegombana kwenye simu.

"Mama, Baba hawezi kukaa nyumbani tena. Kwa kumuuguza utatangulia wewe kaburini kabla yake."

Nilimwambia aache ujeuri, baba yake ni mzima, anasahau kama wazee wote wanavyosahau. "Njoo umwone mwenyewe," nikasema. "Tutatoka matembezi kama zamani. Siku ikiharibika, nitakubali umpeleke huko kwenye hiyo nyumba ya wazee. Isipoharibika, sitaki kulisikia jambo hili tena." Nilisema kwa hasira, lakini nilimaanisha.

Na siku haikuharibika, jamani! Asubuhi tulipanda magofu ya ngome, na Clement akampa mkono mwanamke mgeni aliyeziogopa ngazi. Mtoni tuliwatupia mkate mabata maji, jambo ambalo bango linakataza, na Clement akanong'ona vilevile anavyonong'ona kila mwaka, "Hao bata hawajui kusoma." Kwenye mkahawa wa uwanja wa soko alipaka skonzi yake jemu kwanza, kisha malai ya maziwa juu, kama anavyosisitiza siku zote. Rupert akaanza na malai.

"Nani alikulea wewe?" Clement akamkaripia.

"Ni wewe, mzee!" Rupert akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nikamwona mwanangu analegea. Chini ya meza nilishika goti la mume wangu, nikalibana kwa furaha. Nilijua nimeshinda.

Ndipo tukaenda Harnbury.

Mzingile ule ndio uliotuoza. Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na tisa na koti la kijani ambalo mama alilishona kwa kitambaa cha pazia, na Clement alikuwa na mchezo wake: tuingie kila mtu peke yake, tukutane katikati kwenye benchi la mawe, na wa mwisho anunue chai. Yeye aliijua njia kama anavyokijua chumba chake. Mimi siijui hata leo. Kila mara nilimkuta ameketi, amekunja nne, anajifanya anasoma gazeti. "Ulipitia wapi wewe, Scotland?" Ni kwenye benchi hilo aliniuliza kama nitakubali anioe. Nilikuwa nimepotea mpaka nikalia kwa hasira, nikamwambia anipe leso kwanza, hayo mengine tutazungumza baadaye.

Basi siku hiyo, Rupert alipokwenda kununua aiskrimu, Clement aliifungulia familia moja mlango wa mzingile, akawapisha wote, kisha akanikonyeza. "Wa mwisho ananunua chai!" Akatokomea. Ningemzuiaje? Uso ule ulikuwa wa yule kijana wangu.

Nilicheka dakika chache za mwanzo. Baadaye nikaona kofia inazunguka mahali pamoja.

Nikamwita baba mmoja mwenye mtoto mabegani, aliyekuwa karibu na kona ileile. "Samahani, bwana! Huyo mzee mwenye kofia, tafadhali mlete nje!"

Akaenda. Kutoka juu niliwaona wakikutana. Clement akavua kofia, akatabasamu, akaonyesha mbingu. Bila shaka walizungumza habari za mvua. Kisha akajibana kwenye miti ili mgeni apite na mtoto wake.

"Anasema yuko sawa kabisa, asante!" yule baba akanipigia kelele, naye akashika njia yake.

Wakaja wasichana wawili wa shule. Kofia ikavuliwa, tabasamu, mbingu, wakapishwa. Yuko sawa kabisa, asante. Nikamtuma kijana mlinda bustani. Alirudi ananionea haya.

"Mama, mwenyewe amesema yuko sawa. Tena kanishukuru vizuri kweli."

"Hayuko sawa!"

"Sasa, mama, siwezi kumburuta mtu mzima."

Nilitamani kumzaba kofi, lakini kosa lake lilikuwa nini? Ndivyo tulivyolelewa sisi. Nyumba inaweza kuungua, wazima moto wakagonga mlango, na bado tutawaambia tuko sawa kabisa, asante, karibuni chai. Na mtu akishasema hivyo, humgusi tena. Clement alikuwa amepoteza majina ya dada zake na namba ya nyumba yetu, lakini adabu zake zilikuwa zote kamili. Mimi peke yangu, kule juu, ndiye niliyeona kila mara mgeni akipita kona: tabasamu linakatika, na mkono wake unapapasa ukuta wa miti, unalishika tawi, hauliachii.

"Mama," akasema Rupert.

"Nyamaza."

"Sijasema kitu."

"Basi usiseme."

Hata sijui alifikaje. Nadhani alifuata tu vicheko vya watoto. Nikaona kofia inatokeza pale katikati, kwenye uwazi, na mume wangu akaliona benchi. Akaketi. Akakunja nne.

Nilishuka ngazi bila kuaga, nikaingia. Kona ya tatu tu nikapotea. Maskini Rupert aliniongoza kutoka juu: "Kulia, Mama! Hapana, rudi! Sasa nyooka, nyooka!" Nilitembea nikilia kama mtoto, na watu wakanipisha kwa heshima, wakitazama viatu vyao. Mmoja akaniuliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia hapana.

Clement aliponiona akasimama, akavua kofia.

"Habari za mchana," akasema, akasogea ili nipate nafasi.

"Clement, twende nyumbani."

"Siwezi kuondoka, bibi. Kuna mtu namngoja." Akainama kidogo kunisogelea. "Huko njiani hukukutana na msichana? Ana koti la kijani. Mkali kidogo."

"Mkali?"

"Sana! Akipotea ananilaumu mimi."

"Clement, nitazame. Ni mimi. Ni Enid."

Akanitazama vizuri, kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyepanda basi lisilo lake. Akanipigapiga mkono polepole.

"Na yeye anaitwa Enid," akasema.

Nikaketi. Jiwe lilikuwa la baridi vilevile kama zamani. Akaona machozi yangu, akaingiza mkono mfukoni, akanipa leso, imekunjwa kama nilivyoipiga pasi asubuhi ile. Wiki iliyofuata niliishonea jina lake leso hiyo, pamoja na soksi, mashati na nguo zake zote, maana kule kwa wazee ndivyo walivyotaka, nguo zisichanganyike.

"Atafika kweli huyo msichana?" nikamuuliza.

"Huwa anachelewa," akasema, "lakini hajawahi kuniacha hapa."

Juu ya kuta za miti Rupert alikuwa anaita. "Mama! Mmeonana? Nije niwatoe?"

Clement akanigeukia, akisubiri kwa adabu nijibu, kwa kuwa aliyeitwa ni mimi. Nikajifuta uso kwa leso yake. Nikajiweka sawa pale kwenye benchi, tumsubiri pamoja yule msichana wa koti la kijani.

"Tuko sawa kabisa," nikamjibu mwanangu kwa sauti kubwa. "Asante."