Hodi katika Chai ya Mkange

Jumanne asubuhi Bi Hafidha aliwasha jiko la mkaa, akabandika birika na kupanga vikombe juu ya kaunta ya duka la majani ya chai aliloachiwa na baba yake, ambaye naye aliachiwa na babu. Katika duka hilo la Mji Mkongwe wa Bagamoyo hakuna anayenunua kabla hajaonja, na chai ya kuonja haitiwi sukari. Wateja wanalalamika tangu enzi za babu, na hakuna aliyewahi kusikilizwa.

Yunus alifika na gunia la mchaichai mkavu. Ni mtoto wa mji huo huo, sasa msimamizi wa kampuni iliyozungushia waya shamba moja kule Mkange.

"Shikamoo, Bi Hafidha."

"Marahaba, mwanangu. Ndio huo?"

"Ndio huo. Siku hizi utaupata kwetu, tena umekaushwa kitaalamu."

Bi Hafidha aliujua mchaichai huo kabla Yunus hajazaliwa. Aliupanda Bi Mwajabu katika shamba lake, lile lile la Mkange, na miaka yote alikuwa akiuleta dukani mwenyewe, umefungwa kwenye kanga. Mwaka juzi Bi Mwajabu alikwenda Pangani kumtunza bintiye aliyejifungua. Arobaini ilipotimia akarudi, akakuta waya na geti. Kampuni ilieleza kwamba ilipiga hodi na hakuna aliyeitikia, kwa hiyo lile lilikuwa pori. Pori gani hilo, lenye matuta yaliyonyooka na magugu yaliyong'olewa!

Bi Hafidha alichanganya mchaichai na majani ya chai ya Usambara na iliki kidogo, akamimina. Wakaonja kwa kuvuta kwa sauti, kama inavyotakiwa. Chai ilikuwa nzuri. Ilipofika tumboni mwa Yunus ikasema, "Hodi."

Ilikuwa sauti ya Bi Mwajabu, ya upole, ya mtu mwenye adabu zake. Tumboni mwa Bi Hafidha nako ikasema hodi.

Yunus amelelewa vizuri, hivyo mdomo ulifunguka wenyewe. "Ka..." akaanza, kisha akakumbuka geti, akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Mbona huitikii?" Bi Hafidha akamuuliza.

"Nikimkaribisha mbele ya shahidi, wanasheria watasema nimemruhusu kuingia."

"Basi mruhusu."

"Siamui mimi, mama."

Bi Hafidha akaitikia mwenyewe, lakini haikusaidia, maana geti si lake. Hodi zikaendelea mpaka zikafika tatu, kisha matumbo yakanyamaza. Yunus akapumua.

"Adabu tunaijua," alisema. "Hodi tatu, ukikosa jibu unarudi ulikotoka." Akaaga, akaacha gunia.

Alasiri Bi Mwajabu akatokea, ametoka Mkange, anakolala sasa katika chumba cha kaka yake. Bi Hafidha akamsimulia yote, akasema gunia lile anakwenda kulimwaga barabarani, tena kwa hasira. Bi Mwajabu akaomba kikombe kwanza. Akavuta chai, akameza, akangoja. Tumbo lake halikusema kitu.

"Huku kwangu mchaichai umefika kwao," alisema.

"Yunus anasema hodi tatu zimetosha."

"Hodi tatu ni za mgeni. Mimi kwangu nitapiga mpaka sauti iniishe, na ikiniisha nitapiga kwa matumbo yao. Usimwage hata jani moja, Hafidha. Utie katika kila kopo."

"Na wao wafaidike?"

"Wacha wafaidike. Watanisikia wakiwa wameshiba."

Bi Hafidha akatia katika kila kopo. Kabla mwezi haujaandama, matumbo yalikuwa yakipiga hodi kwenye foleni ya benki, katika shughuli ya harusi, hata katika kikao cha mipaka ya mashamba, ambapo mwenyekiti alingoja zipite ndipo akaendelea na ajenda. Daktari aliwapima wachache na kukuta matumbo mazima. Watu walizoea. Wengine waliitikia kwa mazoea tu, na hodi hazikukoma. Kampuni iliuza zaidi kuliko mwanzo, ikachapisha kwenye pakiti kwamba sauti hiyo haina madhara. Yunus alihamia kwenye maji ya moto matupu.

Shamba halijarudi. Kila asubuhi Bi Mwajabu anafika getini na jembe begani. Mlinzi, Abdulswamad, anakuwa amemaliza chai yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama."

Kisha tumbo la Abdulswamad linasema hodi, na Bi Mwajabu anasema hodi hapo hapo, sauti ile ile moja. Ndani ya ofisi Yunus anafunga dirisha. Nyuma ya waya mchaichai umestawi na unahitaji kupaliliwa. Wanapiga hodi ya pili, wanapiga ya tatu, tumbo la mlinzi linanyamaza. Geti halifunguki.

Bi Mwajabu anashusha jembe, anajifunga kanga vizuri kiunoni, anapiga hodi ya nne.