Vita vya Majani Makavu

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini Mama Fagio hakungoja kupewa chochote. Siku ya tatu tangu ahamie kwa mwanawe, aliamka mapema akafagia uwanja wote, mbele na nyuma. Alikuwa amestaafu baada ya miaka thelathini ya kufagia shule, na nyumba hii haikumwachia kazi nyingine. Kupika walimkataza, kufua kulikuwa kwa mashine. Bila ufagio alijiona mzigo tu.

Kero yake ilikuwa moja. Nyuma ya nyumba, chini ya mti pasipofika jua, mke wa mwanawe, ambaye ni muuguzi, alipanda ua alilolitoa katika msitu wa kwao. Ua lenyewe lilikuwa na majani matatu ya kinyonge. Kila asubuhi Mama Fagio alipaacha pale peupe, na kila kukicha alipakuta pamejaa majani makavu. Alimshuku jirani. Alipomshtakia mwanawe, huyo akajifanya anatafuta funguo.

Jumamosi jioni akajibanza nyuma ya tangi la maji, tayari kumfumania mbaya wake. Kweli kikulacho ki nguoni mwako: alitokea mkwewe, bado na sare ya hospitali, na kapu la majani, akaanza kuyatandika kuzunguka lile ua.

"Kumbe ni wewe."

Muuguzi aliona haya hadi akakaa chini. Akaeleza kwamba maua ya msituni huishi kwa majani yanayooza. Ndicho chakula chao, ndilo shuka lao. Udongo ukiachwa wazi, mizizi hukauka. Ua lilipofika lilikuwa na majani tisa.

Mama Fagio aliyatazama yale matatu yaliyobaki. Usafi aliojivunia ndio uliokuwa unaliua ua la watu.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Ningeanzaje, Mama? Ningekwambia usifagie, ungesikia nakwambia uondoke."

Maneno yale yalimgusa penyewe, maana ni kweli, angefunga mizigo siku hiyo hiyo. Wakatazamana, kisha wakaangua kicheko mpaka jirani, masikini asiye na hatia, akachungulia dirishani.

Mama Fagio alilaza ufagio chini, akapiga magoti kwa taabu.

"Haya, nionyeshe yanavyotandikwa. Na usiwe unakimbia kutoka kazini kwa ajili ya hili. Hili sasa ni langu."

Muuguzi akamsogezea kapu.