Beseni Moja kwa Chupa Zote

Kazi yangu ni kuosha chupa za maabara, miaka kumi na tisa sasa. Watafiti wananiita Mzee Chupa. Sijachukia.

Kati yao kuna binti mmoja mwembamba, mcheshi, ambaye alikuwa hapiti bila kunisalimu. Alikuwa na dawa yake ya unga, laini kama vumbi la chaki, anaiita kizuia-kinesi. Siku moja nikamwuliza inafanya nini.

"Baba, ndani ya seli kuna tarishi anayepeleka amri: gawanyika, ongezeka. Huyo ndiye kinesi. Dawa hii inakalia kiti chake. Amri haifiki, seli inatulia."

Nikaelewa vizuri mno. Wakati huo mke wangu alikuwa na uvimbe kwenye ziwa, na wakubwa wa hospitali walikuwa wametuzungusha miezi saba, dirisha hili, dirisha lile. Nikamwomba binti chembe tu. Akalia. "Si ya kumpa mtu, baba. Ni ya uchunguzi. Inaweza kumuua."

Mke wangu akafa bila hiyo. Nikaacha kuitikia salamu za binti, mwaka mzima.

Basi mambo yakamwendea kombo. Seli alizozitia dawa zilitulia, sawa. Lakini hata zile za kulinganishia, ambazo hakuzitia kitu, zikatulia vilevile. Mara tatu. Mkuu wa maabara akamwambia mbele ya watu, "Mikono yako michafu. Ijumaa nafunga utafiti huu, tafuta pa kwenda."

Mikono yake haikuwa michafu, nami nilijua. Zamani tulikuwa na masinki mawili: moja la chupa zilizobeba dawa, jingine la chupa safi. Mwaka mmoja nyuma mkuu akaling'oa la pili ili apate pa kuweka jokofu la soda za wageni wake. Tangu hapo chupa zote nasuuzia kwenye beseni moja, na maji nimeamriwa nisibadilishe mpaka mchana. Dawa ile inanata kwenye kioo kama mafuta. Ukutani kuna karatasi ya kuweka alama kila siku kwamba masinki mawili yametumika. "Weka tu, mzee, usituletee maneno," alisema mkuu. Nikaweka. Kila siku, kwa mkono wangu huu.

Kusema ni kujifukuza kazi. Tena roho yangu moja ilikuwa inaniambia, mwache naye aonje.

Jumatano nikamkuta ameinamia darubini, hajala tangu asubuhi, anajisemesha: "Nimekosea wapi? Nimekosea wapi?" Mke wangu alikuwa akisema hivyo hivyo kitandani, kana kwamba ule ugonjwa aliupika mwenyewe. Nikashindwa.

"Binti, hujakosea. Ni beseni langu."

Nikamweleza yote. Akanitazama.

"Mwaka mzima, baba?"

"Mwaka mzima."

"Na ulikuwa unaniona ninavyohangaika?"

"Nilikuwa nakuona."

Nilitaka anitukane. Akasema tu, "Nenda stoo, niletee chupa mpya, ambazo hazijaguswa na maji."

Ijumaa asubuhi seli zisizo na dawa zilikuwa zimejaa chupa nzima. Zenye dawa zimetulia tuli. Mkuu akaja, akachungulia, akaelezwa habari ya beseni, akaibandua karatasi ukutani.

"Alama hizi za nani?"

"Zangu, mkuu. Amri yako. Na soda zako."

Mtu akacheka, akajifanya anakohoa. Mkuu akaniambia nikusanye vitu vyangu. Binti akasimama kati yetu. "Akiondoka yeye, naandika kwenye ripoti jinsi tulivyopoteza mwaka. Yote, mpaka hilo jokofu."

Mkuu akatoka, na kama nimefukuzwa au la, mpaka leo sijaambiwa. Wakubwa ndivyo walivyo, wanakuacha unaning'inia. Lakini utafiti haukufungwa.

Tulipobaki wawili nikamwambia binti, "Nisamehe." Hakuniambia kwamba si kitu. Alivua glavu kidole kimoja kimoja.

"Nilitaka sana kukuuliza mama, mkeo, alikuwa mtu wa namna gani," akasema mwishowe. "Hukunipa nafasi."

Nikavuta kiti, nikaanza kumsimulia.