Ukurasa wa Kumi na Nne

Fomu zililetwa Jumatatu asubuhi, na kabla ya saa nne kila mtu ofisini alikuwa amegeuka mpelelezi.

Ilikuwa karatasi moja tu. Andika kazi unazofanya. Andika kila kazi inakuchukua muda gani. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama zinazoona haya: Usipokuwepo, nani anaweza kufanya kazi yako? Mhudumu aliyezigawa alipoulizwa ni za nini, alisema ameambiwa agawe, hakuambiwa aeleze.

Mama Pacha aliisoma mara tatu. Alikuwa karani wa masjala, kile chumba cha chini kinachohifadhi mafaili yote ya idara, na miaka kumi na tisa ilikuwa imempitia humo akipokea barua, kuzigonga mhuri, kuzipa namba na kuzifungia kwenye mafaili yake. Mkabala naye alikaa karani mwenzake, waliyemwita Miwani kwa sababu miwani yake ilikaa utosini kutwa nzima, nadra kushuka machoni. Miaka kumi na moja walikuwa wamechangia birika moja la chai na redio moja yenye antena ya waya. Lakini siku hiyo Miwani aliijaza fomu yake huku ameikinga kwa mkono, kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa jibu.

"Umeandika nini pale chini?" Mama Pacha alimuuliza, akijitia utani.

"Chini wapi?"

"Pale pa usipokuwepo."

"Aa, nimeandika tu, dada." Akaikunja mara mbili, akaipeleka ghorofani mwenyewe. Mwenyewe! Mtu ambaye kupanda ngazi kwake ilikuwa adhabu.

Machale yakaanza kumcheza Mama Pacha. Tangu hapo hakuona jambo la kawaida tena. Afisa utumishi, mama ambaye kila siku alijibu salamu kwa kidevu, alimsimamisha koridoni akamuuliza watoto wako kidato cha ngapi. Anataka kujua ili iweje? Jumatano wakaja wanaume wawili na futi ya kupimia, wakapima masjala ukuta kwa ukuta. Alipowauliza wanapimia nini, mmoja alimjibu, "Tunapima tu, mama," na mwenzake akacheka kidogo. Kile kicheko hakikumpendeza hata chembe.

"Baba Pacha," alimwambia mumewe jioni hiyo, "mtu akija kupima chumba, anakitaka chumba au anawataka watoke waliomo?"

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na maneno yake aliyapima kama kitambaa. Alimaliza kwanza kushona pindo lililokuwa mkononi.

"Wewe jiandae. Wakikubakisha, hujapoteza kitu. Wakikutoa, wasikukute umekaa."

Basi akajiandaa. Jumamosi alikwenda kibandani kwa mumewe akafundishwa kushona matundu ya vifungo, na tundu lake la kwanza lilitoka pana kiasi kwamba fundi alisema hilo ni dirisha. Dada yake mkubwa alipopiga simu, alimwambia neno moja tu: "Karatasi, mdogo wangu. Kusanya karatasi zako." Akanunua jalada, akatia humo barua ya ajira, vyeti, barua za kupandishwa cheo. Ikakosekana moja: barua ya kuthibitishwa kazini. Nakala hakuwahi kuitoa, na barua yenyewe ilikuwa kwenye faili lake ofisini. Na minong'ono ya ghorofani ilisema watu watapunguzwa kazi, na asiye na barua hiyo atahesabiwa kibarua, ataondoka na asante bila kiinua mgongo.

Jumatatu aliwahi kufika. Akafungua kabati la mafaili binafsi, akatoa lake, akapekua. Kila ukurasa wa faili hupewa namba kwa kalamu nyekundu, na namba nyingi humo alikuwa amezitia kwa mkono wake. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na tano.

Akarudi nyuma, akalamba kidole, akapekua tena. Kumi na tatu, kumi na tano. Barua yake ilikuwa kumi na nne.

Alifungua daftari wanaposaini wanaochukua mafaili. Hakuna aliyesaini faili lake mwaka mzima. Kabati lilikuwa na funguo mbili. Mmoja alikuwa ameushika mkononi. Mwingine ulikuwa kwa Miwani.

Mlango ulipofunguka, faili lilikuwa limesharudi kabatini na Mama Pacha anamimina chai.

"Leo umewahi, dada," Miwani alisema.

"Usingizi ulinikimbia."

"Hata mimi." Akavuta kiti, akashusha miwani machoni, jambo ambalo Mama Pacha aliliona na kuliweka moyoni.

Angeweza kumuuliza palepale. Lakini mwizi ukimuuliza mapema unampa nafasi ya kuficha. Akajikausha. Siku mbili alimchunga bila kumtazama, akisikiliza droo zake, akihesabu safari zake za nje. Chai waliyokunywa pamoja ilikuwa chungu kinywani, na alianza kujuta siri zote alizowahi kumwambia mtu yule. Anajua nimeumwa mgongo. Anajua nilichelewa mara ngapi. Vyote hivyo ameshavipeleka ghorofani?

Alhamisi, saa ya chakula, Miwani aliingiza bahasha ndani ya gazeti, akatoka. Mama Pacha alimwacha afike kona, kisha akamfuata. Miwani alivuka barabara akaingia duka la kuchapa na kurudufu. Mama Pacha akasimama mlangoni, nyuma ya bango la bei.

"Hii yote iwe vilevile," Miwani alikuwa akimwambia mwanamke wa kompyuta. "Badilisha jina, badilisha tarehe. Maneno mengine usiguse."

Mama Pacha aliingia. Juu ya meza ilikuwepo barua yake, na pembeni, kwa wino mwekundu, kumi na nne ya mwandiko wake mwenyewe.

"Kaka, nakuomba karatasi yangu."

Miwani aligeuka, rangi imemtoka. Mwanamke wa kompyuta aliondoa mikono kwenye vibonyezo kama vimemchoma. Mama Pacha aliichukua barua, akatoka, na Miwani akamfuata mpaka ukumbini mwa ofisi ndipo akapata sauti.

"Dada, nisikilize. Mimi sina. Miaka kumi na moja sijawahi kupewa barua hiyo. Niliingia kwa muda, wakanisahau, na mimi nikajisahau. Nilitaka mfano wa kuigia tu. Ningeirudisha leo leo."

"Mfano hauchukuliwi nakala?"

"Mashine ya ofisi unasaini."

"Kumbe kusaini unakujua."

Mama Pacha alikwenda kuifunga barua mahali pake, kisha akabadilisha mawazo, akatoa nakala tatu kwanza. Hakumshtaki. Lakini hakumwamini pia. Anayetaka mfano huomba. Na watu wawili wakigombea kiti kimoja, faili lililopungua ukurasa humsaidia nani?

Kwa hiyo akaanza kumchunguza. Kesho yake Miwani alikuwa na ruhusa ya hospitali. Mama Pacha alishusha maboksi ya zamani, akatafuta mihtasari ya kamati ya ajira, ili ajue kama mtu yule alisema kweli japo mara moja. Vumbi lilimpigisha chafya mpaka machozi. Saa nane aliupata muhtasari wa kikao chenyewe, cha miaka tisa nyuma. Majina saba yalipitishwa kuthibitishwa kazini. La tano lilikuwa la Miwani. Kamati ilimpitisha, mwenyekiti akasaini, kisha aliyepaswa kuchapa barua hakuichapa. Miaka yote hiyo alikuwa mfanyakazi kamili, asijue.

Mama Pacha aliuchomoa muhtasari, akautia kwenye droo yake, akafunga.

Siku mbili hakutia neno. Nikiutoa, anasimama sawa na mimi. Nisipoutoa, yeye ndiye wa kwanza kutoka. Wala sitakuwa nimemfanya kitu, aliwaza, nitakuwa nimenyamaza tu. Siku ya tatu Miwani alifungua daftari la kusaini, akaandika jina lake kwa faili la kawaida kabisa alilokwenda kulisoma hatua mbili kutoka hapo, akamgeuzia Mama Pacha daftari aone. Mama Pacha alitazama ile sahihi, na ikamjia kwamba yeye ndiye sasa aliyekuwa na karatasi ya mtu kwenye droo, bila kusaini.

"Njoo hapa," alimwambia. Akamwekea muhtasari mbele yake. "Jina la tano. Shusha miwani usome vizuri."

Miwani alisoma. Akakaa chini. Kisha akalia, mtu mzima yule, amejifunika uso kwa muhtasari, mpaka Mama Pacha akaogopa wino utaharibika. Siku hiyohiyo Miwani aliupeleka ghorofani kudai barua yake.

Barua za kupunguzwa zilitoka wiki tatu baadaye. Mama Pacha alikuwamo. Miwani hakuwamo.

Alipanda ghorofani hajui kama anakwenda kuuliza au kugombana. Afisa utumishi alimkaribisha kiti.

"Mama, kwako hakuna kosa. Faili lako limekamilika, kila barua ipo, mafao yako yanakokotoleka siku moja. Tulianza na walio tayari. Mwenzako uhakiki wake bado, tunasubiri barua aliyopaswa kuandikiwa miaka tisa iliyopita."

Mama Pacha alicheka, kicheko kilichomshtua hata yeye. Aliondoka mwisho wa mwezi na haki zake zote. Kibandani mumewe alimwekea meza ya pili karibu na mlango kwenye mwanga, na matundu yake yalikuwa yameshaacha kuwa madirisha.

Mwezi wa pili tangu aondoke, Miwani alikuja, mchana wa Jumamosi. Aliwaamkia, akasimama akizungusha kofia mikononi. Kulikuwa na mafaili ya mikataba ya zamani hayaonekani, alisema, ofisi nzima imevurugika.

"Kabati la mwisho, nyuma ya ramani," Mama Pacha alisema, akikata uzi kwa meno. "Na mimi nina swali. Siku ile pale dukani, kweli ungeirudisha barua yangu?"

Fundi alisimamisha cherehani. Miwani alitazama nje, akatazama mikono yake.

"Mpaka leo sijui, dada," alisema. "Nilikuwa naogopa sana."

Katika yote aliyowahi kumwambia tangu siku ya fomu, hilo Mama Pacha aliliamini. Akamsogezea kiti kwa mguu, akamwambia akae, aanze kumweleza ni mafaili gani mengine yamepotea.