Kabati la Vibao Arobaini na Kimoja

Kwa heshima zote, na mkono kifuani, nakiri kwamba vibao vyote arobaini na kimoja nilivichomoa mimi.

Mjomba wangu, opereta mstaafu wa simu, ndiye mkurugenzi, mlinzi na mfagiaji wa makumbusho ya simu katika jengo la posta ya zamani. Kila kitu humo kilikuwa na kibao cha USIGUSE: simu, mihuri, mizani ya vifurushi, hata ndoo ya deki. Wageni waliingia mikono nyuma kama watuhumiwa, na baada ya dakika nne walikuwa nje. Mkaguzi wa utalii, mama mmoja, alishakuja mara mbili, na mara mbili akakataa kuyaingiza makumbusho kwenye kitabu cha vivutio vya mkoa. Safari ya tatu ndiyo ingekuwa ya mwisho. Angekataa tena, jengo lingekuwa ghala la matairi, na mitambo ya Mjomba ingekwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Mimi nilikuwa likizo. Shule ya bweni hufundisha mambo mawili kwa uhakika: kula haraka na kufanya makosa bila kuacha alama. Asubuhi ya ukaguzi, Mjomba alipokwenda kunyolewa, nilikusanya vibao vyote, nikavipanga ndani ya kabati la vioo lililokuwa tupu, nikaandika kadi kwa mwandiko wangu wa sherehe: "Vibao vya kale, enzi ya Mjomba. Faida yake haijulikani. Tafadhali usiguse."

Nilitarajia anikimbize hadi sokoni, kisha acheke. Sikutarajia mkaguzi afike saa nzima kabla ya wakati, na Mjomba aingie nyuma yake akiwa bado na povu sikioni.

Mjomba alitazama vitu vyake bila vibao. Akatazama kabati. Akanitazama mimi.

"Kiroboto," alisema taratibu, kwa jina langu la nyumbani, "mama yako ni dada yangu. Atanisamehe."

Lakini mkaguzi alikuwa ameshaisoma kadi. Midomo ilimcheza. Akaigeukia simu nyeusi ya ukutani, akauliza kama inaruhusiwa. Mjomba alifungua kinywa. Nikamwahi, nikajibu kwamba inaruhusiwa sana. Mkaguzi akazungusha kishikio.

Chumba cha pili, kengele ikalia.

Hapa sina budi kutoa siri ya familia. Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, Mjomba aliijaribu peke yake ile swichibodi yake, mtambo wa matundu na nyaya ambao opereta huunganisha wapigaji kwa mkono. Kila mtu alidhani ni maiti. Kumbe ilikuwa na afya kuliko jenereta ya shule yetu.

Kengele ikalia tena. Niliiona vita usoni mwake. Hasira ilikuwa na umri wa dakika tatu. Mazoea yalikuwa na miaka thelathini. Aliingia chumba cha pili, akaketi mbele ya swichibodi, akavaa visikizio, akachomeka waya.

"Namba, tafadhali."

Sauti ile sikuwahi kuisikia nyumbani. Ilikuwa kama imepigwa pasi.

Mkaguzi alimtaka dereva wake, ambaye alikuwa amejikalisha chumba cha mwisho, kwenye meza ya postamasta. Mjomba akaunganisha.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Bosi wako. Toka kwenye kiti cha watu."

"Subiri kidogo, Mama. Nimeshapandishwa cheo."

Walikaa saa mbili na nusu. Dereva alitupigia sisi sote, mmoja mmoja, kutujulia hali. Mkaguzi aligonga mihuri mpaka vidole vikawa vya zambarau, na kwa vidole hivyohivyo akatia sahihi.

Sasa tuko ukurasa wa tisa wa kitabu, tukiyatangulia hata maporomoko ya maji. Jumamosi foleni hufika ngazini. Kitu kisichoguswa ni kabati la vibao tu, nalo Mjomba hulilinda kwa ukali wake wote wa zamani. Ndoo ya deki, kwa amri yake, huguswa na mtu mmoja peke yake.

Naigusa kwa fahari.