Goti la Mzee Sumaili

Mzee Sumaili, muuza vitambaa wa soko la Kasongo, hakuwa mwongo. Tuelewane mapema juu ya hilo. Ila kulikuwa na maswali ishirini na mawili ambayo kila mwezi aliyajibu kwa uongo mtupu, macho makavu, na aliyeyauliza alikuwa mume wa binti yake.

Miezi minane nyuma alipasuliwa saratani ya tezi dume, akakubali kuingia katika utafiti wa kuwafuatilia wanaume kumi na mmoja waliopasuliwa kama yeye. Bahati mbaya, nesi aliyepewa fomu yake alikuwa mkwe wake, Iliasi. Sasa, mzee mzima atamwambiaje mkwe kwamba mkojo unamtoka ovyo? Iliasi mwenyewe aliuliza maswali akiangalia ukuta. "Iko muzuri," alijibu mzee. La pili, iko muzuri. Mpaka la mwisho.

Kumbe haikuwa nzuri hata kidogo. Tangu apasuliwe hakukanyaga msikitini, akiogopa kulowesha mkeka mbele za watu. Kila Ijumaa, akisikia adhana, moyo ulimuuma. Wenzake walipouliza, alisingizia goti. Goti hilo maskini, zima kabisa, lilibeba lawama miezi yote minane.

Ndipo Daktari Cécilia, mkuu wa utafiti, akawaita wote kumi na mmoja, hata wale wa Salamabila waliofika na pikipiki wamejaa vumbi. Katika fomu zote, alisema kwa furaha, hakuna aliyepona kama Papa Sumaili. Basi asimame awaeleze wenzake anafanyaje. Iliasi akapiga makofi kwa fahari.

Mzee alisimama, kijasho chembamba kikimtoka. Alikuwa tayari kusema ni asali, yaishe. Lakini mbele yake Papa Jean-Marie, mkulima wa Lusangi, alikuwa ameshafungua daftari na kushika kalamu, akimtazama kwa tumaini kubwa. Kumdanganya huyu alishindwa.

"Docteur, ile majibu yote ni aibu tu ilikuwa inasema, sababu ya mukwe wangu. Tangu munipasule, mukojo inanitoka wakati yoyote. Hata sasa nilikuwa nimekalia kitambaa."

Iliasi alichunguza viatu vyake. Kisha Jean-Marie akafunga daftari taratibu.

"Basi na mimi muandike vilevile," akasema. "Fomu yangu anaandikaka binti ya katekista wetu."

Chumba kizima kikaangua kicheko, daktari akiwa wa kwanza. Alipotulia aliwagombeza: waliokiri tangu mwanzo walifundishwa mazoezi ya kubana misuli ya chini, kama mtu anayezuia mkojo, na wengi wao walishapata nafuu. Siku hiyohiyo akabadilisha waulizaji. Sumaili alipewa nesi Atumani, rika lake, akamjibu hata ambayo hakuulizwa.

Mzee akabana. Alibana akipima vitambaa, alibana akipatana bei na wateja. Mwezi wa nne wa mazoezi, Ijumaa, aliingia msikitini akakaa safu ya mbele, na furaha ikamjaa mpaka machozi yakamlengalenga. Iliasi akaja kukaa kando yake. Alishasikia yote kwa masikio yake mwenyewe, lakini aliinamisha kichwa kwa heshima.

"Baba, goti inaendelea namna gani?"

"Imepona, mukwe wangu," akasema mzee, akamsogezea nafasi kwenye mkeka.