Visu Vilivyozoea kwa Tatu

Twalibu alikuwa mpishi wa bwana shauri, Mzungu mtawala wa wilaya, pale Kisarawe, na alipotumwa Dar es Salaam kununua visu vya jiko, alimchosha mwenye duka asubuhi nzima. Kila kisu alikilaza juu ya kidole kimoja, pale chuma kinapokutana na mpini, aone kama kitatulia au kitaanguka. Kikubwa cha mifupa kilitulia. Chembamba cha samaki kilitulia. Vilivyong'aa kupita kiasi alivirudisha, maana aliona vinajipendekeza.

Kosa alilifanya jioni ileile. Badala ya kwenda moja kwa moja kwa mabwana, alipitia kwanza nyumbani kwa mkewe, Tatu. Kwao kisu kipya huonjeshwa kitunguu cha watu wake kabla ya kazi yoyote, na Tatu akavionjesha vyote kitunguu cha kwake. Alimtania mumewe kwamba hata siku ya kumposa hakumtazama yeye kwa makini namna ile. Basi visu vikajua watu wao ni akina nani.

Tangu hapo, kila jioni Twalibu akishaosha vyombo na kushika njia ya nyumbani, visu navyo vilitoka kabatini vikamfuata. Vilitembea kwa ncha, taratibu, na kile kidogo cha kumenyea viazi kilipobaki nyuma, kikubwa cha mifupa kilisimama kukingoja. Waliokutana navyo njiani walivipisha, wakamwamkia Twalibu shikamoo, wakaenda zao. Tatu alivitandikia jamvi karibu na mlango. Alivifuta vumbi, akaviuliza vimeshindaje, kisha akakaa na mumewe wakazungumza mpaka usingizi uwachukue. Saa hizo chache ndizo walizokuwa nazo, maana mchana wote Twalibu alikuwa wa watu wengine. Asubuhi Tatu aliviweka chini, mumewe akaviokota. Hawakupokezana mkono kwa mkono hata siku moja, kwa kuwa kisu kikipokezwa hivyo huleta ugomvi, na wao hawakuutaka.

Siku moja memsahibu, mke wa bwana shauri, alitaka kisu cha mkate jioni, akakuta kabati tupu. Alituma askari. Askari alivikuta kwa Tatu vimejipumzikia, akarudi akaeleza kwamba havikuibwa, vimekwenda vyenyewe. Kesho yake memsahibu aliweka kiti barazani akavitazama vikishuka ngazi, kimoja baada ya kingine. Alivipisha mguu, kisha akamwita Twalibu arudi.

"Nani aliyevizoesha hivi?"

"Ni mimi, memsahibu. Lakini kila asubuhi navirudisha, tena vimenolewa."

"Visu ni mali ya serikali. Haviwezi kulala kwa mtu. Kama haviwezi kuachana na wewe, basi wewe utalala hapa."

Twalibu aliomba mkewe naye ahamie. Akaambiwa jiko si mahali pa kuweka wanawake. Aliomba walau Ijumaa aende kwake, na hilo nalo likakataliwa, kwa sababu Ijumaa pia wageni hula.

Amri ilifaa sana. Visu vilitulia kabatini, na keki zilikatwa kwa wakati. Twalibu alitandika mkeka wake chini ya kabati, na kile kidogo kilishuka kikajilaza karibu na bega lake, naye akakisogezea nafasi.

Jioni Tatu alikuja na bakuli la mchicha, akasimama nje ya dirisha la nondo. Alikuwa amelia, wala hakuficha.

"Nyumba imekuwa kubwa, mume wangu," alisema.

"Kesho njoo mapema," Twalibu akamjibu. "Nitamaliza vyombo haraka, tuongee."

Memsahibu akaja na ufunguo. Alimsalimu Tatu kwa upole, akaingia, akahesabu visu, akamhesabu na Twalibu, akafunga mlango.